Mnunuzi aliyeandikwa shahidi: kisa cha nyumba moja Moshi

Nafanya kazi ya ushauri wa fedha za nyumbani na vikundi vya kuweka na kukopa mkoani Kilimanjaro. Kisa hiki ni cha kweli. Majina sikuyaweka, mtaa sikuutaja, na umri pamoja na viwango kadhaa nimevibadilisha kiasi cha kuwaficha wahusika bila kuharibu hesabu. Wenyewe wamesomewa andiko hili na wameliridhia. Nimeliandika kwa ajili ya washauri wenzangu, viongozi wa vikoba, na yeyote anayeishi maisha ambayo fomu zetu hazina mstari wake.

Wahusika na nyumba yao

Nitawaita kama wanavyoitana: Dada na Mama. Hawana undugu wa damu.

Dada ana miaka 41 na ni mpishi wa mlimani. Anapanda Kilimanjaro na wapagazi, wale tunaowaita wagumu, na kuwapikia wageni kambi baada ya kambi. Hajaolewa, hana mtoto, na hana mpango huo. Alinieleza hayo siku ya kwanza kwa sauti ya mtu aliyechoka kuulizwa. Mama ana miaka 57, anauza ndizi na parachichi sokoni. Mumewe alifariki mwaka 2011. Hakuwa na mtoto wa kiume, na matanga yalipoisha shemeji zake walimweleza kwamba kihamba, yaani shamba la urithi la Wachaga, ni cha ukoo. Aliondoka na binti yake, begi moja na sufuria tatu. Binti naye alifariki mwaka 2016, akaacha mtoto wa kike ambaye leo ana miaka 9. Huyo nitamwita Binti.

Dada na Mama walikutana wakiwa wapangaji wa uwanja mmoja, vyumba vinatazamana. Mwaka 2017 walinunua kiwanja pembeni mwa mji kwa shilingi 6,500,000. Dada alitoa 4,000,000, Mama 2,500,000. Walijenga taratibu, wakahamia kabla bati la jikoni halijapigwa.

Halafu ukaja mwaka 2020. Aprili ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa, na hata zilipofunguliwa tarehe 18 Mei, wageni hawakurudi siku hiyohiyo. Dada alikaa miezi saba bila kupanda hata mara moja. Nyumba nzima ililishwa na meza ya ndizi ya Mama. Kila uamuzi mnaousoma hapa chini una kivuli cha miezi hiyo saba.

Walivyonijia

Walikuja Februari 2022, mlima ukiwa umeanza kujaa tena. Dada alitaka kujua aweke wapi fedha ili masika isimkute mikono mitupu. Mama alikuja kumsindikiza tu, au ndivyo alivyosema.

Niliwapa fomu niliyoitumia miaka yote. Ina mistari ya mume au mke, watoto, na wategemezi. Dada aliweka kistari kwenye mume, kistari kwenye watoto, akafika kwenye wategemezi akasimama. Nikamwambia amwandike Mama hapo. Akanirudishia karatasi ikiwa imekunjwa.

"Mama sio mtegemezi wangu," alisema. "Mwaka wa korona mimi ndiye nilikuwa mtegemezi wake."

Niliiweka fomu pembeni na sijaitumia tena na mtu yeyote. Tukachukua kalenda ya mwaka uliopita, tukaigeuza nyuma, nikawauliza kila mmoja kwa zamu: ni nani akiondoka leo, nyumba hii inayumba? Dada alitaja Mama na Binti. Mama alitaja Dada na Binti. Binti hakuwepo, alikuwa shule, ila nina hakika ya jibu lake. Swali la pili lilikuwa: ni jambo gani hamtakubali litokee hata kama kuna faida? Mama alijibu bila kufikiri kwamba hatatolewa nyumbani mara ya pili. Dada alisema Binti hatakatishwa masomo, na kwamba yeye mwenyewe hatakuwa mtu asiyeonekana kwenye misiba ya kwao. Mambo hayo matatu tuliyaandika kwa kalamu nyekundu juu ya karatasi, na hesabu zote zikakaa chini yake.

Hesabu

Dada anapata safari kama 15 kwa mwaka. Akijumlisha malipo na bakshishi, kila safari inamwachia wastani wa 320,000, yaani 4,800,000 kwa mwaka. Zinakuja kwa mafungu: Januari hadi mwanzoni mwa Machi, kisha katikati ya Juni hadi Oktoba, na wiki za Krismasi. Aprili na Mei ni ukame mtupu, na Novemba haiko mbali na hapo. Mama anaingiza kama 190,000 kwa mwezi, ndogo lakini hazikatiki. Matumizi ya nyumba bila michango ni 360,000 kwa mwezi. Kwa hiyo mwezi ambao mlima umelala, pengo ni 170,000.

Kwenye michango ndipo tulipokaa siku nzima. Dada alikuwa na jumbe zote kwenye simu, kamati hii na kamati ile. Tulijumlisha za mwaka 2021: harusi na sendofu 610,000, misiba 290,000, kipaimara na komunyo 240,000. Jumla 1,140,000, karibu robo ya kipato chake cha mlimani. Kaka zake wawili, wenye kipato kisichopishana sana na chake, walikuwa wakipangiwa nusu ya anachopangiwa yeye. Sababu ilikuwa inasemwa wazi kwenye vikao: "Wewe huna familia, huna majukumu." Nimeliona hili kwa wengi wasio na ndoa, wanaume kwa wanawake. Ukoo unawahesabu kuwa ni watu wenye ziada, na wenyewe wanatoa ili wasionekane wachoyo juu ya kuonekana wapweke.

Karatasi ya kiwanja

Kikao cha tatu niliwaomba walete hati ya mauziano. Ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ndani ya bati la biskuti. Nikaisoma mara mbili. Muuzaji, jina na sahihi. Mnunuzi, jina la Dada peke yake. Chini, kwenye mashahidi wa mnunuzi, mstari wa pili, kulikuwa na jina la Mama na sahihi yake ya herufi kubwa zilizoachana.

Mama aliyetoa 2,500,000 alikuwa ameandikwa shahidi wa ununuzi wake mwenyewe.

Nilipowauliza, Dada alikumbuka. Aliyekuwa akiandika aliuliza mume yuko wapi, wakasema hakuna mume, wananunua wao wawili. Akasema mnunuzi huandikwa mmoja, huyu mama mkubwa atafaa kuwa shahidi. Hawakubisha. Walikuwa na fedha taslimu kwenye kanga na walitaka shughuli iishe. Kwa karatasi ile, Dada akifia mlimani, kiwanja na nyumba vinaingia kwenye mirathi yake, kikao cha ukoo kinakaa, kinampendekeza msimamizi, na Mama anabaki mgeni aliyewahi kushuhudia mauziano. Anatolewa mara ya pili, kila kitu kikiwa kimefuata utaratibu.

Lile lililompata Mama mwaka 2011 lina mzizi wake kwenye maandishi. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 halimpi mjane urithi kwa mumewe. Linamwachia watoto wamtunze. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia CEDAW, mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, iliamua shauri la wajane wawili wa Kitanzania na kuitaka nchi ibadili kanuni hizo. Nilimweleza Mama kwamba suala la kihamba cha mumewe linaweza kupelekwa mbele. Alikataa. "Kule sirudi, hata wakinipa," alisema, na tukalifunga.

Uamuzi tuliofanya na sababu zake

*Umiliki.* Wazo lao la kwanza, na langu pia, lilikuwa kuandikisha umiliki wa pamoja ambao mmoja akifa mwingine anabaki na vyote. Wakili tuliyemwendea alitusimamisha. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatoa umiliki wa namna hiyo kwa wanandoa. Watu wengine hawaupati bila ruhusa ya mahakama. Njia iliyobaki ni umiliki wa hisa, kila mtu na sehemu yake iliyotajwa, na sehemu hiyo mwenyewe akifa inakwenda kwa warithi wake. Kwa maneno mengine, hisa bila wosia zingemweka Mama ndani ya nyumba moja na kaka zake Dada.

Hapo nikafanya hesabu ya hisa kwa kufuata fedha: Dada karibu asilimia 62, Mama 38 na kidogo. Nilidhani naleta haki. Dada aliitazama ile karatasi, akaniuliza ndizi za mwaka 2020 nimeziandika wapi. Sikuwa nimeziandika. Wakaamua nusu kwa nusu. Wakili akaandaa makubaliano mapya, muuzaji akatafutwa na kusaini tena, na Mama akaweka sahihi kwenye mstari wa mnunuzi. Kiwanja bado hakijapimwa, kwa hiyo hati miliki hawana, lakini urasimishaji utakapofika kwao, majina mawili ndiyo yatakayokutwa.

*Wosia.* Kila mmoja aliandika kwamba nusu yake iende kwa mwenzake, na asipokuwepo, kwa Binti. Tulichagua kufuata masharti ya wosia wa kimila, kwa sababu mgogoro ukitokea utaanzia kwa ukoo na Mahakama ya Mwanzo, na huko ndiko masharti hayo yanakoulizwa. Wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma unataka mashahidi wasiopungua wawili: mmoja wa ukoo, mmoja mtu baki. Anayerithi asiwe shahidi. Sharti la shahidi wa ukoo ndilo lililomkosesha Dada usingizi, maana lilimlazimu kumwambia ndugu mmoja jambo alilokuwa akilificha miaka yote.

Alimchagua shangazi yake. Tulipanda Jumapili baada ya ibada, na sukari kilo mbili na majani ya chai. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda nje, anamenya ndizi za mtori, beseni la maji kati ya miguu. Dada alieleza yote amesimama. Shangazi hakuinua kichwa, kisu kiliendelea. Alipomaliza mkungu ule akauliza swali moja tu: "Huyu mama alikulisha ulipokuwa huna kazi?"

"Ndiyo, shangazi."

"Lete kalamu."

Alifuta mikono kwenye kitenge, lakini utomvu wa ndizi haufutiki hivyo. Doa la kidole chake, jeusi, liko pembeni ya sahihi mpaka leo. Wosia ulipelekwa kutunzwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, na nakala ikabaki kwa shangazi mwenyewe.

*Akiba.* Fedha za masika ziliwekwa kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, kwa sababu zinatoka ndani ya siku chache za kazi na haziko kwenye simu ambayo kila kamati ina namba yake. Kila akishuka mlimani, kabla ya kufika nyumbani, Dada anatuma 60,000. Lengo lilikuwa 1,500,000.

*Uzee.* Dada alijiunga na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa uchangiaji wa hiari. Pensheni inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15, na kwa umri wake inatosha kabla ya kufika 60. Tulijua mafao ya warithi huko yanawatazama mwenza wa ndoa, watoto na wazazi, na Mama hayumo. Kwa hiyo tuliihesabu kama fedha ya uzee wa Dada mwenyewe. Ulinzi wa Mama ni nyumba. Mama na Binti waliingia CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, kwa 30,000 za mwaka.

*Michango.* Dada alijiwekea kasha la 45,000 kwa mwezi. Misiba inachukua kwanza. Sherehe zinapata kinachobaki, na kikiisha kimeisha. Tuliandaa pamoja sentensi ya kujibu kamati, maana bila sentensi mkononi mtu hutoa: "Nimeshapangiwa na nyumba yangu mwaka huu, nitachangia kiasi hiki." Neno "nyumba yangu" ndilo lililomgharimu kulitamka. Mara ya kwanza alilituma kwa ujumbe, akaizima simu mpaka asubuhi.

*Kikoba.* Wote wawili ni wanachama wa kikundi kimoja. Mfuko wa jamii ulikuwa unatoa rambirambi kwa kifo cha mume, mke, mtoto au mzazi. Mama aliuliza kwenye kikao: nikifa mimi, Dada atapewa nini? Kimya. Wakagundua kwamba kati ya wanachama 25, saba walikuwa na mtu wa nyumbani asiyeingia kwenye orodha ile: mama wa kambo, mtoto wa kulea, mama wa mume aliyekwisha kufariki. Katiba ikabadilishwa. Sasa kila mwanachama anaandika majina manne ya watu wake, na hakuna anayeulizwa wanahusianaje.

Yaliyotokea

Mei 2023 akiba ilifika 1,420,000. Mwezi uliofuata mdogo wake wa mwisho alioa, na Dada alitoa 700,000 kutoka akiba ya masika. Hakuniambia. Zikabaki 720,000.

Agosti, akiteremka njia ya Mweka, goti lilizunguka. Alikaa nyumbani hadi katikati ya Desemba. Pengo la kila mwezi lilikuwa 170,000 na tiba na nauli kama 60,000, jumla 230,000. Akiba ilitosha miezi mitatu na siku chache. Mwezi wa mwisho na zaidi walikopa 300,000 kikoba. Ile 1,420,000 ingetosha miezi sita.

Habari za wosia zilimfikia kaka mkubwa kipindi hichohicho. Alikuja, akakaa sebuleni saa nzima, akauliza kwa nini dada yake anagawa mali kwa mtu baki. Shangazi alipigiwa simu, na mazungumzo yakaishia huko. Kaka hajaridhika. Amenyamaza.

Wosia wa Mama ulichelewa miezi 11. Ndugu zake wawili walikataa kuushuhudia, wakisema hawataki kuingia kwenye mambo ya mji. Mwishowe alikubali binamu yake, mwalimu mstaafu. Kwa miezi hiyo yote Dada alikuwa na mlango uliofunguka upande mmoja tu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kuanza na yale mambo matatu ya wino mwekundu. Bila hayo ningewapa mpango mzuri wa akiba na nisingeomba kuiona hati. Mtu akiniuliza niweke wapi laki tano, nami nimjibu kwa mifuko na riba, natimiza swali lake na kuacha nyumba yake wazi. Kwa watu wenye ndoa iliyoandikishwa, sheria inaziba mianya mingi kimyakimya hata wasipojua. Kwa Dada na Mama kila mwanya ulitaka karatasi yake. Ndiyo maana naona kwa watu kama hawa karatasi inatangulia akiba, hata kama wao wamekuja kuuliza akiba.

Sharti la shahidi wa ukoo, ambalo mwanzoni nililiona kero, lilikuja kuwa ngao. Kaka alipokuja, ukoo tayari ulikuwa na mtu wake ndani ya jambo. Wosia wa siri ungekuwa halali au batili mbele ya hakimu, lakini sebuleni pale usingekuwa na mdomo.

Kanuni ya michango ilifanya kazi kwa kamati za mbali na ikashindwa kwa mdogo wake. Kosa ni langu. Tuliandika misiba na sherehe, hatukuuliza kuhusu harusi ya mtu wa tumbo moja, wakati kijana alikuwa ameshachumbia. Dada hakuvunja mpango wake kwa udhaifu. Alifuata jambo la tatu kati ya yale matatu, kutokuwa mtu asiyeonekana kwao, na mimi nililisoma kwa ufinyu kana kwamba linahusu misiba peke yake. Sasa wana fungu dogo la pembeni, 15,000 kila safari, la ndugu wa karibu.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, upo kwa ajili ya anayeumia kazini, na waajiri ndio wanaochangia. Mpishi wa mlimani ni mtu wa kwanza ningepaswa kumuuliza: una mkataba, na mwajiri wako amekusajili? Sikuuliza. Tulipotafuta baada ya goti, tukakuta kampuni aliyopanda nayo haikumpa mkataba wowote wa maandishi, na miezi minne ya kukaa ililipwa na akiba, mkopo wa kikoba, na ndizi tena. Siku hizi swali hilo naliuliza kabla ya kuuliza kipato.

Kuhusu nusu kwa nusu, wenzangu wawili niliowasimulia walisema Dada alipunjika. Hesabu ya risiti inawaunga mkono. Mimi nasimama na Dada. Asilimia 62 ingekuwa sahihi kwa siku ya kununua kiwanja, na uongo kwa miaka iliyofuata.

Yaliyobaki

Binti ndiye aliye wazi. Mama akifariki kabla mtoto hajafika miaka 18, wosia unaeleza anataka alelewe na Dada, lakini upande wa marehemu mumewe unaweza kumdai. Tumeanza kuzungumza na ofisa ustawi wa jamii kuhusu utaratibu chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na safari hii Binti mwenyewe ataulizwa. Tumepanga kukaa Aprili, masika ikishaanza, maana huo ndio mwezi Dada anakuwa nyumbani.